Kabla Hujatuma Pesa ya Viza ya Kutunza Wazee

Umepata ujumbe kwamba kuna kazi ya kutunza wazee Uingereza, utume "ada ya viza" leo leo kabla nafasi ziishe? Tulia kwanza.

Tangu 22 Julai 2025, Uingereza haipokei maombi mapya ya viza ya kazi hiyo kutoka nje. Manesi waliosajiliwa bado wana njia yao, lakini mtunza wazee anayeomba akiwa Kenya hana. Anayekuahidi viza hiyo anataka pesa yako tu.

Ujerumani nako kuna njia. Kenya ilisaini nayo mkataba wa uhamiaji Septemba 2024. Mafunzo ya uuguzi huko huchukua miaka 3 na mwanafunzi hulipwa kila mwezi, ila lazima ujue Kijerumani, kwa kawaida kiwango cha B1 au B2.

Kwa hivyo, kabla ya kutuma hata shilingi moja:

- Hakikisha ajenti ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA.
- Usitume kwa namba ya mtu binafsi.
- Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Kama si la kampuni, acha.

Umeshatuma? Tupigie mara moja. Pesa ikishatolewa, kuirudisha ni kazi ngumu.