Waifai Haipandi Ngazi: Wenye Nyumba Waweke Waya

Mtu hahitaji kutembea mbali na Soko la Burma, pale kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, ili aone jinsi makao yanavyobadilika. Kaloleni, mtaa uliojengwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940, ulijulikana kwa nyumba zake za chini. Lakini kwingi Eastlands majumba ya ghorofa yanaota kama uyoga, na mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu umekwisha kufika Shauri Moyo.

Pamoja na ghorofa kumekuja lalamiko jipya. Wapangaji huchanga fedha wakalipia intaneti ya pamoja, mtambo wa waifai ukawekwa ghorofa ya chini, na baada ya juma moja mwanafunzi wa ghorofa ya nne anakodolea macho kiduara kinachozunguka kwenye simu huku somo la video limekwama. Wa chini anatazama mpira bila wasiwasi. Wote wamelipa sawa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya starehe. Sikubaliani nao. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, Taasisi ya Kukuza Mitaala (KICD) ilipeleka masomo kwa redio, runinga na intaneti, na hadi leo wako walimu wanaowaelekeza wanafunzi kwenye video. Mtoto asiyepata mawimbi chumbani mwake yumo nje ya darasa hilo.

Aghalabu lawama huelekezwa kwa kampuni ya intaneti, na dawa inayotafutwa ni kulipia kasi kubwa zaidi. Hapo ndipo fedha za wanyonge zinapopotea. Somo lenye picha safi huhitaji takriban megabiti 5 tu kwa sekunde. Mara nyingi kizuizi kimo ndani ya jumba lenyewe: sakafu ya zege iliyosukwa kwa vyuma. Waifai hutumia hasa masafa ya aina mbili. Yale ya gigahatsi 5 yana kasi lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta. Yale ya 2.4 hupenya zaidi, ila hugombaniwa na kila mtambo wa jirani, kwa kuwa kuna njia tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Fauka ya hayo, antena iliyosimama wima hueneza mawimbi pembeni, si juu wala chini yake. Ajabu ni kwamba anayeishi juu kabisa ya mtambo huenda akawa maskini kuliko jirani wa mlango wa tatu.

Yapo ya kufanya bila gharama: kuutoa mtambo nyuma ya friji, kabati la chuma au tangi la maji, kuuweka ghorofa ya katikati, na kuilaza antena moja. Vile vidude vya kurudufisha mawimbi mimi sivisifu sana. Kinachopokea na kutuma kwa masafa yale yale hupunguza kasi karibu nusu, na kikiwekwa mahali ambapo mawimbi yamekwisha kufifia, hurudufisha unyonge. Dawa ya kweli ni waya. Waya wa mtandao hufika meta 100 bila kupoteza kasi, umbali unaotosha kupanda ngazi za majumba mengi ya mtaani, na katika kila ghorofa ukafungwa mtambo mdogo wa kutoa waifai.

Hapa nawageukia wenye nyumba. Hakuna anayejenga jumba leo akasahau bomba la maji au waya wa umeme. Kwa nini basi bomba jembamba la waya wa mtandao lisahaulike? Likitiwa kabla zege halijamwagwa ni kazi ndogo. Baadaye fundi hana budi kutoboa sakafu ngumu, na mpangaji anayeomba ruhusa hiyo huambiwa ahame. Kaunti inayoidhinisha ramani za ujenzi ingeweza kulidai bomba hilo katika kila ramani ya ghorofa.

Nao walimu wa fizikia wana maabara ya bure. Mwanafunzi na apande ngazi akiwa na simu yenye programu ya kupima nguvu ya mawimbi, aandike kipimo cha kila ghorofa. Hasi 50 ni nguvu tele. Hasi 67 bado inatosha kwa video. Ikifika hasi 80, video itakwama. Karatasi hiyo yenye tarakimu ndiyo apelekewe mwenye nyumba.