Bustani ya Uani na Chungu cha Nyumbani

Wanachama wetu wote wajua ya kuwa karafuu huleta fedha, lakini hapana mtu aliyepata kushiba kwa kula karafuu. Tena mkarafuu una desturi yake: mwaka mmoja huzaa sana, kisha ukapumzika. Chungu cha nyumbani hakina mwaka wa kupumzika. Kwa sababu hiyo leo twapenda kuzungumza habari za bustani ya mboga uani, na mapishi mepesi yaliyowalea wazee wetu. Mifano yetu tutaitoa pwani ya Kilwa na Lindi, kwa kuwa watu wa huko ni jirani zetu wa bahari moja, hupika kwa nazi kama sisi, nao pia hutegemea mazao ya kuuza, yaani korosho na ufuta.

BUSTANI ZA KILWA YA ZAMANI

Bustani ya mboga si jambo lililoletwa juzi na mabwana shamba. Wareno walipouteka mji wa Kilwa Kisiwani mwezi wa Julai 1505, chini ya Francisco de Almeida, habari za safari yao ziliandikwa. Humo imetajwa ya kuwa mji ule ulikuwa na machungwa matamu, malimau, mboga na vitunguu vidogo, na kwamba vitu hivyo vilipandwa katika bustani zilizonyweshwa maji ya visima. Basi kisiwa kile kilichokuwa na majumba ya mawe, na ambacho kilitajirika kwa dhahabu ya Sofala, hakikuona haya kupanda vitunguu.

Jambo jingine la kukumbuka ni hili. Watu wa Kilwa ya siku zile hawakuujua muhogo, wala mahindi, wala nyanya, wala viazi vitamu. Mimea hiyo asili yake ni Amerika, nayo ilifika pwani yetu baadaye. Kisamvu na matembele, ambavyo leo twaviona ni vyakula vya mababu, vilikuwa vigeni siku moja. Wazee wetu walijaribu mbegu mpya, wakaifaa, wakaitia nazi, ikawa yao. Nasi tusiogope kujaribu.

ZAO LA KUUZA BILA CHAKULA

Huko huko upande wa Kilwa, katika vilima vya Umatumbi, ndiko vilikoanza vita vya Maji Maji mwezi wa Julai 1905. Serikali ya Wajerumani iliwalazimisha watu kulima pamba, wakati ambapo kila mmoja alikuwa na shamba lake la chakula la kuangalia. Huko Nandete watu wakaanza kwa kuing'oa miche ya pamba. Vita vilipoenea, majeshi ya serikali yalichoma mashamba na maghala ya nafaka, na watu waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi.

Katika dhiki kama hiyo mtu hurudi porini. Mpaka leo watu wa Lindi na Mtwara huchimba ming'oko, mizizi ya porini ambayo huchemshwa ikaliwa kwa chumvi na pilipili. Siku hizi huuzwa sokoni na kando ya barabara, na watu huila kwa furaha. Lakini anayeijua ming'oko anajua pia mahali pa kushika siku chakula kingine kinapokosekana.

Sisi wa visiwani tunayo kumbukumbu yetu. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mkarafuu mpya hungoja miaka sita na zaidi kabla ya kuzaa. Wala tusiseme mambo hayo yamepita. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya Mafia na Kilwa. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika upande wa Somanga, magari yakakwama. Barabara ikikatika, nyanya na kabichi hazifiki. Nyumba yenye matuta manne ya mboga na muhogo nyuma ya jiko haiwezi kuzuia tufani, lakini jioni yake itapika.

MAPISHI YA WAZEE

Chakula cha nyumba nyingi za pwani hii hakikuwa na mambo mengi. Ulikuwapo ugali wa muhogo uliotwangwa kwa makopa yaliyokaushwa juani, au wali siku ya heri. Kitoweo kilikuwa dagaa, au papa mkavu kipande kimoja kwa watu wengi, na mboga ya majani kwa nazi. Mbaazi zilipikwa chungu kizima, za jioni na za asubuhi.

Lakini wepesi huo ulikuwa na elimu ndani yake. Kisamvu kilichumwa kichanga, kikatwangwa kinuni, kikachemshwa muda mrefu, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu. Kilipoiva ndipo kilipotiwa tui jepesi, na mwisho tui zito, chungu kikakorogwa taratibu lisije likakatika. Mchicha haukupikwa hivyo. Huo uliwekwa motoni kidogo tu. Mlenda ulitiwa magadi ukateleza.

Waganga wa hospitali leo husema yale yale kwa maneno mengine. Majani ya kijani yana vitamini A inayolinda macho ya watoto, na mwili huipokea vizuri zaidi chakula kikiwa na mafuta. Basi nazi ya bibi ilikuwa na kazi. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga husaidia mwili kupata madini ya chuma, nayo ni faida kubwa kwa mama mja mzito.

Elimu hii sasa inapungua. Wako vijana wetu wanaojua bei ya kabichi lakini hawawezi kulitambua jani la mchunga likiwa limeota mlangoni pao. Bibi akifa na mbegu zake zimo kibuyuni bila mtu kuzijua majina, hasara hiyo hailipwi na msimu mmoja wa karafuu.

BUSTANI YENYEWE

Chagua mahali karibu na kisima au jiko, penye jua la kutosha, si chini ya mwembe. Zungushia uzio wa makuti, kwa kuwa kuku na mbuzi hawana subira. Ardhi yetu ya mchanga hukauka upesi, basi changanya samadi iliyooza vizuri. Fanya matuta yenye upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati pasipo kukanyaga.

Tuta la kwanza panda mchicha; wiki tatu hata nne utaanza kuchuma. Ukipanda kidogo kila baada ya wiki mbili, hutakosa. Tuta la pili panda matembele kwa vipande vya mashina. La tatu panda kunde, uchume majani machanga kwanza na kunde baadaye. La nne lipe bamia, bilingani na pilipili. Maboga yapande pembeni yatambae. Muhogo uwe mpakani, wala usichume majani mengi katika shina moja, maana mizizi itadhoofika.

Mwagilia asubuhi na jioni, na funika ardhi kwa nyasi kavu. Katika miezi ya kiangazi kazi kubwa ni maji. Hapa twasema wazi: isiachiwe akina mama peke yao. Mwanamume anayekula mboga na achote ndoo mbili.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwanachama asiye na bustani na aanze na tuta moja kabla ya mvua zijazo. Aende kwa mama yake, au shangazi, au bibi jirani, aombe mbegu, na aulize majina ya majani na namna ya kuyapika. Mtoto mmoja awe pamoja naye asikilize.