Tarumbeta Kuukuu la Parokia Lina Thamani Gani?

Wanunuzi wa chuma chakavu hupanda milima yetu ya Upare na mizani mkononi. Hawaulizi jina la kitu, huuliza uzito. Sufuria iliyotoboka, jembe lililokwisha, na tarumbeta lililolala stoo tangu enzi za babu, vyote kwao ni kilo. Mimi ni karani wa parokia na daftari la mali liko mikononi mwangu, basi jambo hili lanihusu.

Vyombo hivi si wageni wa jana. Mwaka 1871 Stanley, alipokuwa Bagamoyo akijitayarisha kumtafuta Livingstone, aliwasikia vijana wa misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu wakipiga bendi ya shaba. Baadaye Wajerumani waliwafundisha bendi askari wao, na pia wanafunzi wa shule ya serikali ya Tanga. Pwani ikazuka ngoma ya beni, na vyama vyake vya Marini na Arinoti. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 ikipita hapa Same, na kwa njia hiyo mizigo ya misioni ilipata kusogea karibu na mlima. Ndugu zetu Walutheri wa Upare na Uchagga walipokea vyombo vya Kijerumani, na hata leo matarumbeta yao husikika sikukuu na mazishini.

Basi lichukue tarumbeta lako, ulipeleke mwangani. Usilisugue kwanza! Majivu na ndimu, au hata Brasso, yakitumiwa kila Pasaka hula maandishi, na maandishi ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Tazama kwenye lile domo pana. Ukisoma "Boosey & Co." au "Hawkes & Son", viwanda viwili vya London, ujue lilitengenezwa kabla ya kuungana kwao mwaka 1930. Baada ya hapo jina ni "Boosey & Hawkes". "Couesnon" ni la Ufaransa, na mara nyingi mwaka wenyewe umepigwa mhuri. "Markneukirchen" ni mji wa mafundi huko Saxony, Ujerumani. Lakini likiandikwa "GDR", ni la baada ya mwaka 1949, wala si la mmisionari wa kwanza, hata wazee wakiapa.

Kisha tazama vali. Pistoni za namna ya leo zinazopanda na kushuka ni ubunifu wa Périnet wa Paris, karibu na mwaka 1839, kwa hiyo hakuna chombo cha namna hiyo kilicho cha zamani kuliko hapo. Vali zinazozunguka mahali pake hupendwa zaidi na Wajerumani. Namba huwa karibu na vali ya kati. Iandike, maana madaftari ya Boosey & Hawkes yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Horniman, London, na namba yaweza kuonyesha mwaka.

Chombo kisicho na jina wala namba, chenye lehemu nene zilizomwagika ovyo, yamkini ni kipya kilichofanywa kionekane cha zamani. Sumaku ikishika bomba lenyewe, si shaba.

Sasa thamani. Nasema wazi, usitazamie utajiri. Viwanda vilitoa vyombo hivi kwa maelfu, na uzee peke yake hauleti bei. Kinachoongeza bei ni jina la fundi mashuhuri, maandishi yasiyofutika, kipulizio chake cha asili, na habari ya nani alilinunua na nani alilipiga. Madoa mekundu yenye vishimo ni dalili mbaya: shaba yalika kutoka ndani. Vuta mrija mdogo wa vali bila kubonyeza pistoni. Ukisikia "pwa!", vali hazivuji, na chombo chaweza kupigwa tena. Kwangu mimi hilo lapita bei ya mnunuzi yeyote. Ila vyombo vingi vya Kiingereza vya kabla ya miaka ya 1960 vina sauti ya juu kidogo kuliko kinanda cha leo, basi jaribu kwanza kabla ya kuwalaumu vijana wa bendi.

Washana wa Ugweno walikuwa mabingwa wa chuma, hata Wachagga walinunua kwao. Lakini tarumbeta si jembe. Lehemu yake huyeyuka kwa joto lisilofika nyuzi 250, na likitiwa motoni litaachana vipande vipande. Mpe fundi anayejua kulehemu polepole.

Na mali ya Kanisa haiuzwi mlangoni. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni 1283, yataka orodha kamili ya mali pamoja na maelezo na thamani yake, na kanuni 1292 yadai ruhusa ya Roma kwa kitu cha thamani kwa sababu ya sanaa au historia. Kwa hiyo "tarumbeta bovu 1" haitoshi daftarini. Andika jina, mji, namba, aina ya vali, kasoro zake, na majina ya waliolipiga wanaokumbukwa na wazee. Piga picha mbili: moja ya chombo kizima, moja ya maandishi.