Jina si Kazi: Peptidi za Utumbo na Mwendo wa Chakula Tumboni

Nilipokuwa nikitafsiri kwa Kiswahili matini fupi ya biolojia kwa ajili ya zoezi la tafsiri, sentensi moja ilinikwamisha. Ilisema kwamba kolesistokinini huchelewesha tumbo la panya kutoa chakula. Kama mwanafunzi wa lugha, nilikimbilia asili ya neno. Limeundwa kwa vipande vitatu vya Kigiriki: nyongo, kifuko na kusogeza. Nikaandika «kisogeza kifuko cha nyongo». Mwenzangu aliyesoma rasimu akauliza: «Kinachosogeza kinacheleweshaje?» Swali lake ndilo lililozaa makala haya.

Tuanze na tumbo lenyewe. Chakula hakimwagiki chote utumboni mara moja. Tumbo hukisaga, kisha hukipitisha kidogo kidogo kwenye mlango wake wa chini. Kasi hiyo haiamuliwi na tumbo peke yake, kwani utumbo nao hutuma ujumbe kwenda juu. Baadhi ya wajumbe ni peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, zinazotolewa na seli za ukuta wa utumbo. Mafuta au protini zikifika mwanzoni mwa utumbo mwembamba, seli hizo hutoa kolesistokinini. Hapo sehemu ya juu ya tumbo hulegea na mlango wa chini hubana. Chakula husubiri, na utumbo hupata muda wa kumeng'enya kile ulichokwisha kupokea.

Watafiti wamelijuaje hilo? Njia moja ya kawaida ni hii. Panya aliyefungishwa hupewa kwa mrija kinywaji chenye rangi nyekundu ya fenoli. Baada ya muda uliopangwa, kwa mfano dakika 20, huuawa, tumbo hutolewa, na rangi iliyobaki ndani hupimwa. Rangi ikiwa nyingi, tumbo limechelewa. Panya waliodungwa kolesistokinini hubaki na rangi nyingi kuliko waliodungwa maji ya chumvi. Lakini neva ya vagasi, inayounganisha tumbo na ubongo, ikipakwa kwanza kapsaisini, dutu inayoipa pilipili ukali, nyuzi zake za hisia huzimika na ucheleweshaji hupungua sana. Kumbe sehemu kubwa ya ujumbe hupitia kwenye neva.

Sasa turudi kwenye jina. Ivy na Oldberg walilitoa mwaka 1928, walipochunguza kujikunja kwa kifuko cha nyongo. Kwa kazi hiyo jina ni sahihi. Lakini Kiswahili husema «panya» kwa wanyama wawili ambao Kifaransa huwapa majina tofauti. Yule mdogo ana kifuko cha nyongo. Yule mkubwa, anayetumiwa sana katika majaribio haya, hana kabisa! Mwilini mwake kolesistokinini haina kifuko cha kusogeza, na bado huchelewesha tumbo.

Si jina hilo tu. Ghrelini ilitangazwa mwaka 1999 na Kojima, Kangawa na wenzao huko Japani. Jina lake limetokana na mzizi wa Kihindi-Ulaya «ghre», wenye maana ya kukua, kwa sababu huchochea kutolewa kwa homoni ya ukuaji. Hata hivyo, panya akidungwa ghrelini, tumbo lake hutoa chakula kwa haraka zaidi. Motilini nayo imebeba mwendo katika jina lake, na huamsha mikunjo ya nguvu katika tumbo la mbwa aliyefunga. Lakini panya, wakubwa kwa wadogo, hawaitengenezi.

Ninachojifunza ni kwamba jina la kisayansi mara nyingi huhifadhi kile kilichoonekana kwanza. Halielezi yote yaliyogunduliwa baadaye. Mtafsiri anayefasiri mizizi ya neno humpa msomaji historia ya neno na kumnyima maana ya sentensi. Ni afadhali kulitohoa jina, kisha kueleza kazi inayozungumziwa mahali hapo, na kusema ni panya yupi.

Nilifuta tafsiri yangu ya kwanza. Sasa inasomeka hivi: «Katika panya mkubwa wa maabara, kolesistokinini, homoni ya utumbo, huchelewesha tumbo kutoa chakula.» Mwenzangu alisoma, akapita bila kuuliza.