ISTILAHI ZA SATARANJI: MIANZO NA UDURUSU WAKE

Neno sataranji si geni katika lugha yetu. Limetufikia kutoka Kiajemi kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kisanskriti chaturanga, yaani jeshi lenye sehemu nne. Kilicho kigeni ni istilahi za kujifunzia mchezo huo kwa kompyuta na simu. Mwalimu wa Nguvumali, Tanga, anayetaka kuwafundisha vijana hana budi kujitafutia maneno mwenyewe. Akitumia haya, na mwenziwe wa Pangani akitumia mengine, wanafunzi wao watakutana mezani wakiwa na mchezo mmoja na lugha mbili.

Tuanze na dhana yenyewe. Mchezaji wa kete nyeupe ana njia 20 za kucheza mara ya kwanza. Kila upande ukishacheza mara moja, hali zinazoweza kutokea ni 400. Kwa sababu hiyo wachezaji wamehifadhi njia zilizojaribiwa. Kamusi elezo iliyoanza kutolewa Belgrade mwaka 1974 imezigawa katika mafungu 500, kuanzia A00 hadi E99.

Je, hatua hii ya mchezo iitweje? Wapo watakaopendelea namu, neno la bao la kete. Michezo hii miwili inafanana kwa namna ya ajabu: bao lina mashimo 32 na kete 64, sataranji ina miraba 64 na kete 32. Hata hivyo, katika namu mchezaji huanza na kete 10 baoni na 22 mkononi, akaziingiza moja moja. Katika sataranji kete zote zimo ubaoni tangu awali. Tukiazima namu tutapotosha maana. Mfunguo nao umekwisha kushika kazi ya kutaja miezi baada ya Ramadhani, na ufunguzi hukumbusha mikutano na hotuba. Mwanzo, wingi mianzo, ni neno jepesi lisilo na mzigo mwingine. Hivyo tutasema Mwanzo wa Kihispania, ambao huhusishwa na padri Ruy López aliyetoa kitabu chake mwaka 1561.

Mwanzo hugawanyika katika mikondo, kama maji ya bahari. Pale mchezaji anapotoa askari wake aliwe ili apate nafasi bora, wavuvi wetu wamekwisha kutupa neno: chambo.

Programu hufanya kazi tatu. Ya kwanza ni kuhifadhi michezo iliyopita, na hapo hifadhidata yatosha. Ya pili ni kupima hali ya ubao, kama ifanyavyo Stockfish, iliyotolewa mwaka 2008 na ipatikanayo bure. Kuiita injini ni kumpeleka msomaji kwenye mashua na magari. Programu chambuzi inaeleza kazi yake. Ya tatu ni kumzoeza mchezaji. Programu hucheza upande wa mpinzani na kungoja jibu. Jibu lililokosewa hurudishwa mapema. Lililo sahihi hurudi baada ya siku kadhaa. Pwani yetu inalijua jambo hili tangu chuoni: ni kudurusu.

Umuhimu wa istilahi unaonekana hasa katika kazi ya pili. Programu chambuzi hutoa tarakimu. Husema, kwa mfano, kwamba weupe wamezidi kwa nusu ya thamani ya askari mmoja. Haisemi kwa nini. Sababu hutolewa na mwalimu, naye hawezi kuitoa pasipo maneno. Mwanafunzi asiyeelezwa atakariri mkondo mzima, na mpinzani akitoka nje ya mkondo huo atabaki ameduwaa.

Kwa muhtasari, twapendekeza:

mwanzo – hatua ya kwanza ya mchezo
mkondo – tawi la mwanzo
chambo – askari atolewaye kwa kusudi
akiba ya mianzo – mianzo aliyojiwekea mchezaji
programu chambuzi – programu ipimayo hali ya ubao
udurusu – marudio yaliyopangwa kwa vipindi

Istilahi haiishi kwa kuandikwa tu. Ngamizi ilipendekezwa, lakini watu wakashika kompyuta. Walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya mezani, ndipo watuletee hukumu yao.