Noeli inafika: nani alikufundisha kuimba?



Noeli iko karibu, na kila jioni korali zinafanya mazoezi ku kanisa. Ninaposikia do-re-mi, ninakumbuka Noeli moja ya miaka ya 1990, wakati nilikuwa mtoto mu mji wa migodi. Baba alikuwa na kazi, lakini mshahara haukutoka kwa miezi mingi. Mama aliuzisha sombe ku soko ili tupate bukari. Mu mwezi wa kumi na moja nikafukuzwa ku masomo, kwa sababu minervale haikulipwa.

Jioni ile mwalimu wetu wa kuimba, ambaye yeye pia hakulipwa, alifika kwetu. Akamwambia mama: «Minervale ni mambo ya biro. Sauti ya mtoto ni ya Mungu. Mumulete ku korali.»

Siku ya Noeli niliimba na shati ya kuazima. Baba alikaa nyuma kabisa. Alikuwa na haya, maana hakuwa na kitu cha kutupatia. Miaka mingi baadaye aliniambia: «Nilikuja mikono mitupu, nikarudi nyumbani moyo umejaa.»

Vijana, ule wimbo wa usiku mtakatifu unaoimbwa dunia nzima, mnajua ulitoka wapi? Uliimbwa mara ya kwanza ku Noeli ya 1818, mu kanisa la Oberndorf, inchi ya Austria. Padri Joseph Mohr aliandika maneno; aliyetia sauti ni Franz Xaver Gruber, mwalimu wa masomo ya watoto mu kijiji cha jirani. Waliimba na gitaa. Na hapa kwetu Katanga, mu mwaka wa 1958, watoto na walimu wa masomo ya misioni ya Wakatoliki ya Kamina waliimba Missa Luba, ikasikika mpaka Ulaya. Pale na hapa, mwalimu yuko ndani.

Mu Luka sura ya 17, wenye ukoma kumi waliponyeshwa. Mmoja tu alirudi kushukuru. Mimi nilikuwa pamoja na wale tisa. Nilisoma Biblia, nikawa mchungaji, lakini sikurudi kwa mwalimu wangu. Nilipomwendea mwishowe, masikio yake yalikuwa yamefunga. Sauti aliyoifundisha hakuisikia tena. Mke wake alimwandikia ku karatasi: «Amekuja kusema aksanti.» Mzee akasoma, akalia. Na mimi nikalia.

Basi, wapendwa, Noeli hii tusifiche aksanti ndani ya moyo. Mtoto, sema aksanti kwa baba na mama, hata kama hakuna nguo mpya. Mzazi, pita kwa mwalimu wa mtoto wako. Na ninyi wa korali, kisha ibada muende kuimba ku nyumba ya mzee aliyewafundisha. Muende wakati angali anasikia.

Noeli njema, na Mungu abariki nyumba zenu.