Je, Wajua? Pesa za Umma, Msaada na Jasho la Turkana

Je, wajua kwamba Mzee Jomo Kenyatta aliwahi kuishi Lodwar, japo si kwa hiari yake? Alipomaliza kifungo Lokitaung mwaka wa 1959, wakoloni walimweka Lodwar chini ya ulinzi hadi 1961, kisha wakamhamishia Maralal. Vumbi na jua la Turkana aliyaonja mwenyewe. Lakini ni serikali yake iliyotoa Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, uliotaka pesa za maendeleo zielekezwe kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, kwa kuwa huko ndiko zingezaa haraka. Turkana haikuwa na hata kimoja. Anayeuliza kwa nini watu wa huku wanategemea msaada na aanzie hapo.

Je, wajua kwamba kiwanda cha kugandisha samaki kilijengwa Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, kwa pesa za Norway? Ukame ulikuwa umemaliza mifugo ya wengi, na wafugaji waliobaki mikono mitupu wakahimizwa kuvua. Kiwanda kilikamilika, kikafanya kazi siku chache tu. Umeme wa kugandisha samaki katika joto lile, pamoja na maji safi ya kiwandani, viligharimu kuliko samaki wenyewe. Kisha Ghuba ya Ferguson, walikokuwa wakivua wengi, ikakauka. Mwaka wa 1990 uhusiano wa Kenya na Norway ukavunjika, wafadhili wakafunga virago. Wavuvi wenyewe waliendelea kumpasua samaki, kumwanika juani na kumuuza mkavu, na biashara hiyo ingali hai hadi leo. Kila afisa wa mipango angefaa kupelekwa Kalokol kabla ya kutia saini mradi mwingine.

Wajua mathenge? Mti huo wa miiba uliosongamana kandokando ya mto Turkwel ulienezwa makusudi, na miradi ya kuzuia jangwa. Umevamia malisho na mashamba. Wenyeji wameugeuza makaa na nguzo za kujengea.

Je, wajua kwamba kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka wa 1992 kupokea wakimbizi wa Sudan, wengi wao wavulana waliotembea mamia ya kilomita bila wazazi? Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina watu wapatao 300,000. Mwaka wa 2018 shirika la IFC, lililo chini ya Benki ya Dunia, lilikadiria soko la Kakuma kuwa na thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka, likahesabu maduka zaidi ya 2,000. Wanaoitwa wategemezi ndio waliofungua maduka hayo: Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, na Waturkana wenyewe.

Na je, wajua nani huula mgao wa mkimbizi? Asubuhi na mapema wanawake wa Kiturkana huingia kambini na mizigo ya kuni na magunia ya makaa kichwani. Mara nyingi hawalipwi pesa. Hupimiwa mahindi, maharagwe au unga kutoka kwa chakula alichogawiwa mkimbizi, wakarudi navyo nyumbani kwa watoto. Kwa hiyo mgao ukipunguzwa kambini, njaa hupiga hodi kwenye manyatta pia. Mwaka wa 2025, wafadhili walipokaza mkono, Marekani ikiwa mbele, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilishusha mgao hadi chini ya thuluthi moja ya kile ambacho mtu anahitaji. Baadaye likawapanga wakimbizi kwa makundi ya uhitaji, na wale waliohesabiwa kuwa wanajiweza wakaachwa nje. Kujitegemea ni jambo jema, na hakuna anayelipenda kuliko mtu aliyepanga foleni ya chakula miaka 20. Ila kwa miaka mingi mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Kumwambia ajitegemee huku hana ruhusa ya kufuata kazi Eldoret au Nairobi ni kumwonea. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 na mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, zimeahidi kulegeza hayo. Zitekelezwe.

Wajua shilingi 5,400 hufanya nini? Kiasi hicho ndicho kaya maskini zilizosajiliwa kwenye HSNP, mpango wa serikali wa kukinga njaa kwa pesa taslimu, zimekuwa zikilipwa kila miezi miwili, kwanza Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Uingereza ndiyo iliyoanza kufadhili, kisha Hazina Kuu ya Kenya ikaubeba mzigo polepole. Setilaiti hupima ukavu wa mimea, na ukame ukizidi, kaya nyingine huingizwa kwenye malipo. Wengi huhofia kwamba pesa za bure huzaa uvivu. Tathmini ya awamu ya kwanza haikuona watu wazima wakiacha kazi kwa sababu yake. Shilingi 2,700 kwa mwezi hazimtoshi mtu kukaa kivulini. Humwezesha kulipa deni dukani na kumbakisha mbuzi ambaye angeuzwa kwa bei ya kutupa.

Je, wajua kwamba Turkana si kaunti inayonyimwa pesa tena? Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wake kutoka serikali kuu ulikuwa takriban shilingi bilioni 12.6, wa tatu nchini baada ya Nairobi na Nakuru, na mkubwa kuliko wa Mombasa au Kisumu. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa 2015/16, miaka michache baada ya ugatuzi kuanza, uliwakuta karibu watu 8 kati ya 10 wa Turkana katika umaskini. Kosa la 1965 haliwezi kufunika kila shimo la leo. Mabilioni hayo yana wenye kuyasimamia, na ofisi zao ziko Lodwar.

Wajua sheria inawadai nini? Angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kuhusu mafuta yaliyogunduliwa 2012, Sheria ya Petroli ya 2019 imetenga asilimia 20 ya mapato ya serikali kwa kaunti na asilimia 5 kwa wenyeji.

Na wajua kwamba huhitaji kuwa msomi wala mwanasiasa ili uulize? Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria inataka wananchi washirikishwe kabla hayajapitishwa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Turkana ina wadi 30. Ndugu msomaji wa Kanamkemer, Kalokol au Kakuma, kikao kikiitishwa nenda, na uulize kisima kilichoandikwa kwenye bajeti ya mwaka jana kilichimbwa wapi.